Kaseti ya Kunda Kwenye Mnada wa Mavuno

Naanza na aibu yenyewe, ili msije mkaisikia kwa wengine wakaiongezea chumvi (chumvi ya mkasa huu naiweka mwenyewe, tena ya kutosha): mimi, Furaha, mhitimu wa kidato cha nne wa shule ya jioni, mtu mwenye cheti kilichowekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani juu ya kitanda, niliwahi kusimama mbele ya usharika mzima, mgongo wazi, nikishindana bei na mama mtu mzima kwa ajili ya kipande cha plastiki ambacho asubuhi ileile nilikuwa nimekitoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kama sadaka kwa Mungu.

Tulieni, nitaeleza.

Miaka ile mipaka ilipolegezwa na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Dubai na Namanga kama mvua ya masika, kila mtu Arusha aligeuka mfanyabiashara. Aliyekuwa mwalimu akauza redio, aliyekuwa karani akauza jinzi, na Mangi mmoja wa mtaa wa Sokon One (tulimwita Mangi tu, kama tunavyowaita wenye maduka wote wa kutoka Kilimanjaro, jina lake la ubatizo analijua mkewe) akanunua televisheni na mashine ya gemu, akaviweka kwenye chumba cha nyuma ya duka lake, akaniajiri mimi kukaa mlangoni, kupokea hela na kugombana na watu waliokataa kuachia zamu. Mchana nilikuwa mhudumu wa gemu, jioni nilikuwa mwanafunzi. Na kama mitihani ya taifa ingeuliza namna ya kuzima televisheni huku watu kumi wamekushika mkono, mimi leo ningekuwa profesa.

Gemu lenyewe lilikaa ndani ya kaseti, kitu cha manjano, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Unakipuliza kwanza upande wa meno yake ya shaba ili vumbi litoke (hakuna aliyetufundisha kupuliza, lakini naamini dunia nzima ilipuliza), halafu unakichomeka kwenye mashine, na pikipiki zinaanza kukimbizana kwenye kioo.

Hapo ndipo Kunda alipoingia. Kwa kirefu ni Apaikunda, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kirefu. Alikuwa binti wa mwuza vitenge wa soko kuu, familia ya Machame iliyohamia mjini, Walutheri wale wa kukaa benchi la mbele. Alikuwa amemaliza shule, anamsaidia mama yake kukunja vitenge na kuvikunjua tena wateja wasiponunua. Siku ya kwanza alikuja kumtoa binamu yake kwenye gemu. Akamshika sikio kwa mkono mmoja, mkono wa pili akachukua pedi, ile ya vitufe vya kuchezea, akasema, "Ngoja nione tu kinachowapumbaza." Hakuiweka chini mpaka mama yake alipotokea mlangoni na kandambili mkononi. Ile kandambili ilikusudiwa Kunda, lakini mlangoni nilikuwa nimekaa mimi, kwa hiyo ikanipata mimi. Nilikimbia kuzunguka duka zima, na mama yule, na unene wake wote ule, alinifuata mpaka kwenye kona ya machungwa.

Kunda alirudi kesho yake. Na keshokutwa.

Alikuwa na namna yake ya kucheza. Haangalii pedi, haumi midomo, anaulaza mwili pikipiki inapokata kona, utafikiri iko chini yake kweli na upepo unampiga. Akishinda hashangilii. Anakugeukia tu, anasema, "Pole, Furaha. Tena?" Na mimi nasema tena. Nilishindwa asubuhi, nikashindwa mchana, nikashindwa mpaka nikazoea kama mtu anavyozoea ugali, na siku asipokuja kunishinda chakula hakishuki.

Basi zikaenda habari mpaka Moshi kwamba Sokon One kuna msichana hashindiki, akaja kijana wa huko na pedi yake mwenyewe ndani ya bahasha ya kaki, kama daktari na vifaa vyake. Watu walijaa, nawaambia, waliojaa siku ile wangeweza kuusukuma Mlima Meru ukasogea. Kunda akamwacha yule kijana nyuma mara ya kwanza, akamwacha mara ya pili, mara ya tatu kijana akaomba maji. Mangi, ambaye alikuwa ameona gazetini picha ya mchezaji akisaini mpira, akaamua na sisi tuwe na kitu cha kusainiwa. Akatoa ile kalamu nene ya kuandikia mabango ya bei, na Kunda akaandika kwenye uso wa kaseti: BINGWA KUNDA, ile A ya mwisho akaivuta mkia mrefu kama wa mbega. Kuanzia hapo kucheza kwa kaseti iliyosainiwa kulikuwa na bei yake, juu ya bei ya kaseti nyingine, na watu walilipa bila kubisha. Walisema eti inakimbia zaidi.

Halafu shangazi yake aliyekuwa Ulaya akamwita.

Alikuja kuaga mchana, banda likiwa tupu, umeme umekatika, kwa hiyo hata kucheza hatukucheza. Tulikaa mbele ya kioo cheusi, tunajiona wenyewe mle ndani, yeye na mimi, wadogo, kama watu walioko upande wa pili wa dirisha. Nilikuwa na maneno mengi. Mimi ninayeongea mpaka kinyozi ananiomba ninyamaze asije akanikata sikio, siku ile nilisema, "Huko kuna baridi eeh?" Basi. Hilo ndilo nililomwambia. Akasema, "Wanasema." Akachomoa kaseti, akaigeuza, akaandika mgongoni mwake, akanikabidhi. "Usisome mpaka nifike stendi."

Nikasoma hata kona ya duka hajaifikia.

Mtasikia alichoandika. Usharika mzima ulisikia, kwa nini nyinyi msisikie?

Miaka ikapita. Zikaja mashine mpya za kutumia sidii, wateja wakahama, Mangi akafunga banda, akageuza chumba kuwa stoo ya saruji, na mshahara wangu wa mwisho akanilipa kwa mashine ile na kaseti ile. Wenzangu walisema nimedhulumiwa. Mimi nilibeba vitu vyangu mpaka chumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nikapata kazi kwenye ghala la mbegu, nikamaliza shule yangu ya jioni, nikapata cheti na jina la utani la Profesa, na mashine ikakaa chini ya kitanda imefunikwa. Kunda hakuandika barua. Nami sikujua pa kumwandikia. Nilipouliza sokoni nikaambiwa mama yake ameacha kibanda chake cha zamani, wengine wakasema amerudi Machame, wengine wakasema yuko Dar.

Sasa mama yangu mimi anakaa kwetu juu, kwenye mteremko wa Meru, katikati ya kahawa na migomba. Nilikwenda kumsalimia mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mavuno, akanipikia loshoro, mahindi yetu yale ya maziwa mgando, nikala nikashiba vibaya sana, na mimi nikishiba naahidi. Nikamwambia mavuno ya mwaka huu nitaleta mfuko mzima wa sukari. Hilo ndilo kosa dogo lenyewe. Mama hakulala na habari ile. Mpaka ninaondoka, kina mama wote wa mtaa walishajua kwamba mtoto wa Mama Furaha, yule mwenye cheti, anashusha mfuko wa sukari madhabahuni.

Mwezi ukawa mbaya. Ghala lilichelewesha mshahara, na Jumamosi ya kuamkia mavuno sikuwa hata na sukari ya kuweka kwenye chai yangu mwenyewe. Nikaichukua kaseti, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikaenda kwa Msafiri, fundi wa redio na mnunuzi wa vitu chakavu karibu na stendi. Msafiri ni rafiki yangu, lakini jicho lake likiangalia kitu linaangalia bei.

"Aisee, hizi zimeanza kutafutwa," akasema. "Kuna Mzungu mmoja amekuja kupanda mlima, kazi yake kukusanya gemu za zamani. Akiipenda hii, sukari yako unapata na chai juu." Akaigeuza. Uso ukamshuka. "Sasa Profesa, mbona imechorwachorwa?"

"Hajachora mtu. Imesainiwa."

"Na nani?"

"Na bingwa."

"Bingwa wa dunia?"

"Wa Sokon One."

Msafiri alicheka mpaka waya wa kulehemu ukamchoma kidole. "Furaha, ndugu yangu, saini inaongeza bei kama mwenye saini anajulikana. Hii ni uchafu." Akanipa pamba yenye spiriti. "Sugua. Ikiwa safi nakupa hela sasa hivi, hapa hapa."

Nikaishika ile pamba. Nikamfikiria mama na kina mama wenzake. Nikaiweka kwenye herufi ya kwanza ya jina, ile K, nikavuta mara moja tu, na wino ukaanza kutoka, ukateremka kidogo kama chozi la mtoto, na mimi nikaona kama namfuta mtu usoni. Nikamrudishia pamba.

"Unatupa hela," Msafiri akasema.

"Najua."

"Kwa huyo bingwa wako, ambaye hata simu hakupigii."

"Msafiri, fanya kazi yako."

Basi Jumapili nikapanda kwetu mikono mitupu. Nilivaa koti langu, la pekee, nililonunua mtumba, zuri ajabu, na chini yake shati jeupe ambalo mbele lilikuwa safi, kola imekaa, vifungo vyote vipo, lakini mgongo wake ulikuwa umeunguzwa na kaa la pasi, tundu la ukubwa wa sahani. Mtu mwenye koti hahitaji mgongo wa shati. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya siku zote.

Mama alinikuta kanisani, ibada imeshaanza. Akachungulia nyuma yangu, kulia, kushoto. "Sukari iko wapi?" akanong'ona.

"Inakuja."

"Inakuja na nani?"

Kabla sijamtunga mtu wa kuja nayo, ikatangazwa sadaka ya mavuno. Kwetu siku hiyo hapiti mtu na kikapu cha kukusanya. Watu wanasimama benchi moja baada ya jingine, kwaya inaimba, na kila mtu anapeleka mbele alichovuna, mikungu ya ndizi, debe la mahindi, kuku amefungwa miguu, maziwa, mayai, boga kubwa linalobebwa na watu wawili. Ukibaki umekaa, benchi lako zima limesimama, wewe ndiye kisiki. Benchi letu likasimama. Mama na jogoo wake mbele yangu, mimi nyuma, mikono mitupu, na wale kina mama wote wa mtaa, nawaapia, waliacha kuimba wakanitazama mikono.

Nikatia mkono ndani ya koti. Nikashika leso, na ndani ya leso kaseti. Na akili yangu, ile iliyopasi hesabu shule ya jioni, ikafanya kazi haraka: baada ya ibada vitu vyote vinapigwa mnada pale nje. Nani huku juu, kwenye nyumba nyingi zisizo na umeme, atanunua kaseti ya gemu? Hakuna. Nitanunua mimi mwenyewe kwa bei ya yai. Mama atakuwa ameheshimika, kanisa limepata chake, kaseti imerudi mfukoni. Nikaiweka mezani na leso yake, kwa unyenyekevu mkubwa. Mama akaiona leso ilivyofutuka, akadhani ni burungutu la noti, akarudi benchini kwetu akiimba kwa sauti ya juu kuliko kwaya.

Mnada wa kwetu unapigwa na Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, mtu aliyewahi kuuza yai moja kwa bei ya kuku na aliyelinunua akashukuru. Na yeye hataji shilingi mpaka mwisho, anapandisha kwa mifugo: bei ya yai, ya kuku, ya jogoo, ya mbuzi, na kila mtu anajua ni kiasi gani. Sheria ni mbili. Kilichofika mezani ni cha mnada, hakirudi bila kununuliwa. Na ukinunua, unaweza kumpelekea mtu mwingine, kumheshimu, mbele ya watu wote.

Zikauzwa ndizi, likauzwa boga, kisha Mzee Anaeli akafungua leso. Mama yangu alikuwa amesimama mstari wa mbele, uso unang'aa. Sitausahau uso ule ulivyozimika.

"Haya wapendwa," Mzee Anaeli akasema, akiigeuzageuza, "hapa tuna kitu. Tuna… tuna kitu."

"Sabuni hiyo!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Sabuni gani ina meno? Aliyeleta aje atuambie."

Nikaenda. "Ni kaseti ya gemu, mzee. Mtu anacheza kwenye televisheni."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya. Unaipuliza kwanza."

"Puliza tuone."

Nikapuliza. Watu wote wakainama mbele kusubiri. Haikutokea kitu, bila shaka, na sijui walitegemea nini, lakini kicheko kilichopigwa pale kilitisha kuku waliobaki mezani.

Nikawahi: "Yai!"

Hakuna aliyeongeza. Mpango wangu unakwenda vizuri kabisa. "Yai, mara ya kwanza," Mzee Anaeli akasema bila moyo. "Yai, mara ya pili." Akanyanyua mkono, kisha akausimamisha hewani, akapapasa mfukoni, akatoa miwani. "Ngojeni. Kuna maandishi."

"Hayana maana mzee, ni bei ya dukani tu."

"Bingwa Kunda," akasoma. Akageuza. Na mzee huyu ndiye anayesoma Neno kila Jumapili, kwa hiyo akalisoma kwa sauti ileile, taratibu, akipumzika penye kupumzika: "Kwa Furaha, aliyeshindwa mara elfu na bado anacheka. Nikirudi tunacheza tena. Kunda."

Jamani. Kina mama walipiga vigelegele. Vijana wa kwaya walikaa chini kwenye majani. Mama yangu alishika kiuno. "Kunda ni nani?"

"Ni mteja, mama."

"Mteja gani huyo anasema atarudi?"

Sasa mnada wetu una tabia moja: ikionekana mtu anakitaka kitu kwa moyo, anasukumwa mpaka ukutani, kwa sababu hela ni ya kuezeka kanisa na hakuna dhambi ndani yake. Elibariki, mwenyekiti wa vijana, niliyesoma naye darasa moja la msingi, akapaza sauti: "Kuku!"

"Jogoo!" nikajibu.

"Jogoo na mayai yake!"

"Jogoo hatagi, we Elibariki!"

"Huyu anataga! Unamwacha dada wa watu aende, Profesa?"

"Majogoo wawili!" Hapo nilishamaliza hela ya kula wiki nzima, lakini bado nilikuwa nacheka, naona kabisa Elibariki amechoka. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, kwa wageni, kina mama waliokuja na basi kutoka usharika wa mjini:

"Mbuzi."

Watu wakasema aah. Mimi hata sikugeuka, damu ilishapanda. Nikageuza mifuko yote nje, nikaweka mezani noti, sarafu, na nauli ya kurudia. "Mbuzi na kuku juu!"

"Mbuzi wawili," ile sauti ikasema, taratibu tu, kama mtu anayetaja bei ya kitenge.

Na mimi, badala ya kutulia, nikavua koti. Nikalitupa mezani. "Na hili koti juu!"

Macho yote yakanigeukia, nikadhani wameguswa na moyo wangu. Kisha upepo wa mlima ukanipiga mgongoni, mahali ambapo shati halikuwepo, nikakumbuka. Waliokuwa nyuma yangu ndio walioanza. Halafu mtoto mmoja akasema, "Baba, mbona yule amevaa aproni?" na hapo hata mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Nikageuka, kuuficha mgongo. Ndipo nikamwona mwenye sauti. Alikuwa anakuja mbele, kilemba cha kitenge, mwili ule ule, mwendo ule ule ulionifuata mpaka kwenye kona ya machungwa.

"Naomba nikishike," Mama Kunda akamwambia Mzee Anaeli.

Akaichukua kaseti kwa mikono miwili. Hakuusoma ule mgongo wenye maneno niliyoandikiwa mimi. Aliangalia usoni, akapitisha kidole kwenye ile A, akafuata mkia wake wote mpaka mwisho. Kisha akagusa K, pale wino ulipoteremka. "Hapa pamelia," akasema.

"Ni mimi, mama. Jana nilitaka kuifuta. Nikashindwa. Shikamoo." (Ndiyo, nilimwamkia katikati ya mnada, mgongo wazi.)

"Marahaba." Akaniangalia vizuri. "Wewe si yule kijana wa mlangoni? Nilikukimbiza na kandambili."

"Ilinipata, mama."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, ya kunisikia mimi na Mzee Anaeli tu: "Tangu aondoke sina hata karatasi yenye mkono wake. Hawezi kuja, karatasi zake za huko hazijakamilika, akitoka hawamrudishi ndani. Anapiga simu kwa jirani, naitwa, nafika natweta, tunasalimiana, inakata. Sauti yake imeanza kubadilika. Lakini hii A," akaigusa tena, "hii anaandika hivi tangu darasa la kwanza. Mwalimu alimchapa kwa ajili ya huu mkia, akakataa kuuacha."

"Furaha!" Mzee Anaeli akaita. "Mbuzi wawili kwa mama, koti lako halifiki. Unaongeza?"

Na hapa, nawaambia kweli bila chumvi hata punje, ningeweza kushinda. Elibariki alikuwa ameshanisogelea sikioni: "Ongeza, Profesa, vijana tunakuchangia, tumekuonea vya kutosha." Nikageuka nikaona wameanza kuchanga, mkono kwa mkono, wakinitazama kama timu inavyomtazama mpiga penalti. Mkononi kwa Mama Kunda kulikuwa na kitu pekee duniani kinachosema kwamba Kunda aliwahi kukaa kando yangu. Miaka yote ile, siku mbaya zote zile, nilikuwa nakitoa, nasoma *nikirudi*, nakirudisha. Kile ndicho nilichokuwa nacho badala yake.

Lakini kidole cha yule mama kilikuwa bado kwenye mkia wa A, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi.

"Nimeshindwa, mzee," nikasema.

Na sijui kicheko kilitoka wapi. Kilitoka tu. Nilicheka pale, mgongo wazi, mifuko nje kama masikio ya mbuzi, nikacheka mpaka macho yakalowa, na watu wakadhani nacheka kweli wakacheka na mimi.

Mzee Anaeli akapiga meza. "Imeuzwa! Mama, unaibeba mwenyewe au unampelekea mtu?"

"Nampelekea aliyeandika," Mama Kunda akasema. "Ila mpaka atakapoweza kuja, nitakaa nayo mimi." Akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, mahali wanapofunga hela. Kisha akanisogelea. "Siku moja kwenye simu aliniuliza kama lile banda bado lipo."

Moyo wangu, jamani. "Ukamwambiaje, mama?"

"Nikamwambia wanauza saruji. Akanyamaza. Nikadhani simu imekata, kumbe hajakata." Akanitazama mgongoni, akatikisa kichwa. "Nitamwambia kijana wa mlangoni bado anashindwa."

Koti langu lilibaki mezani, na sheria ni sheria, likapigwa mnada. Elibariki akasema yai, akacheka, kisha mtu akasema kuku na hakuna aliyempinga. Alikuwa mama yangu, kwa hela aliyoitunza kwenye kopo la mayai. Akalipokea, akatangaza, "Nampelekea mwanangu, apate mgongo," akanivalisha mbele ya watu wote, akanifunga vifungo mpaka juu kama mtoto wa chekechea, na huku anafunga akaninong'oneza, "Hebu niambie ukweli, lile dude lilikuwa sadaka au posa?"

Nikamwuliza jogoo wake ameuzwa bei gani.

Lile dude (kama mama alivyoliita) ndilo lililouzwa bei kubwa kuliko vitu vyote siku ile, likapita hata ndama wa mchungaji, na kina mama wa mtaa wakamsifu mama mpaka habari ya sukari ikasahaulika. Nilipomsimulia Msafiri kwamba uchafu wake umenunuliwa kwa mbuzi wawili, aliweka chini waya wa kulehemu, akaniuliza kama huyo bingwa anaweza kumsainia na redio mbili tatu.

Basi nimeapa, na mama yangu ni shahidi: sitaahidi tena kitu nikiwa nimeshiba loshoro, na sitapeleka madhabahuni kitu ambacho nimepanga kukirudisha. Siku za mavuno napeleka ndizi. Ndizi ikiuzwa imeuzwa, hakuna anayeisoma.

Ila mashine bado ninayo, chini ya kitanda, nimeifunika vizuri. Pedi zote mbili zipo. Jumamosi naitoa, nafuta vumbi, napuliza pale pa kuchomeka kaseti, naisikiliza kidogo, naifunika tena. Kaseti anayo Kunda sasa, au mama yake, ni mamoja. Akitaka kunishinda itabidi aje nayo.

Mimi kushindwa niko tayari.